Kabla Presha Haijashuka

Nilifanya kazi ya kutoa dawa ya usingizi kwa miaka 28, na kuna jambo moja ambalo halijaniacha tangu mwaka wa kwanza. Mama mmoja alikuwa akifanyiwa upasuaji wa tumbo. Nilimpima presha, nikaiona njema, nikageuka kuandaa dripu nyingine. Dakika tano baadaye nilipompima tena, ilikuwa imeporomoka. Tuliipandisha, naye akazinduka, lakini kwa siku tatu figo zake hazikutoa mkojo wa kutosha. Hatimaye alipona. Alipokuja kuniaga alinishukuru sana, nami sikuwa na uso wa kumtazama.

Ndiyo maana niliposikia habari za programu inayobashiri kushuka kwa presha, nilizifuatilia kama mtu mwenye deni. Programu hiyo, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 2018, husoma umbo la kila wimbi la damu katika ateri, kisha hutoa namba kati ya 0 na 100. Ikifika 85, kengele hulia: yaelekea kuwa baada ya dakika chache wastani wa presha utashuka chini ya milimita 65 za zebaki, na hapo figo na moyo huweza kudhurika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine hii inadai kwamba inauona ufa mapema.

Je, inauona kweli? Mwaka 2020 majibu yalitofautiana. Huko Amsterdam, katika wagonjwa 68, wale waliochungwa kwa programu hiyo walipata presha ya chini kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Katika jaribio jingine la wagonjwa 214, tofauti haikuonekana. Tena wapo watafiti wanaosema kwamba namba ile haitueleshi mengi kuliko presha yenyewe ya wakati huo.

Lakini lililonigusa zaidi ni hili: katika jaribio hilo la pili, karibu nusu ya kengele hazikufuatiwa na tiba yoyote. Siwalaumu wenzangu. Kengele husema presha itashuka. Ni nini hasa kinachoishusha, hilo humwachia mtu. Je, damu imepungua? Mishipa imelegea? Moyo umechoka? Huyu anahitaji maji, yule anahitaji dawa ya kukaza mishipa, na ukikosea unaweza kumdhuru.

Nimejiuliza mara nyingi kama programu hiyo ingemwokoa yule mama na zile siku tatu. Ukweli ni kwamba isingeweza. Inahitaji kipimo kinachosoma wimbi la damu bila kukatika, nasi tulikuwa na mpira wa kufunga mkononi tu, unaopima mara moja moja. Nilichokuwa nacho ni kidole changu juu ya mshipa wake. Nami nilikiondoa.