Wakala na Ufunguo wa Ghala

Neno wakala ni ndugu wa wakili, na yote mawili tuliyapokea kutoka Kiarabu. Aitwaye hivyo hutenda kwa niaba ya mwingine, na hutenda ndani ya mipaka. Hapa Kenya, tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, neno hili limekita mizizi vibandani na madukani: wakala hupokea fedha zako, hukutolea fedha zako, huandika daftarini, lakini nambari yako ya siri haijui wala hana ruhusa ya kukuuliza. Wataalamu wa teknohama nao wameliazima. Wakala wa akili unde ni programu inayopewa lengo, kisha ikasoma faili, ikaandika, ikaendesha amri na kujiamulia hatua inayofuata. (Wapo wasemao akili mnemba na wapo wasemao akili bandia, mjadala huo nawaachia wanaistilahi, ambao hawana haraka.) Ninalotaka kulijadili, mpenzi msomaji, ni aina ya ufunguo anaostahili kupewa wakala huyu.

Mimi na wenzangu wawili wa shahada ya uzamili tunatunza tovuti ndogo ya tungo tulizozikusanya Lamu. Maandishi yake yamo katika GitHub, huduma ya kuhifadhi msimbo iliyoanzishwa mwaka wa 2008 na kununuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka wa 2018. Msingi wake ni Git, programu aliyoibuni Linus Torvalds mwaka wa 2005. Faili zote za mradi hukaa katika ghala moja. Kila badiliko huandikwa pamoja na jina la aliyelifanya, saa na maelezo yake. Mtu akitaka kujaribu jambo hufungua tawi la pembeni, na jambo hilo likikubaliwa huunganishwa na tawi kuu. Kwetu sisi, kinachoingia katika tawi kuu hupanda chenyewe kwenye wavuti baada ya dakika chache, bila kupitia kwa mpiga chapa.

Mwanafunzi wa fasihi akielezwa kwamba lipo daftari linalokumbuka kila mkono ulioligusa, hana budi kusisimka. Tuchukue mashairi ya Muyaka. Yalihifadhiwa vichwani mwa watu wa Mombasa, yakakusanywa na Mwalimu Sikujua katika karne ya kumi na tisa, yakafafanuliwa na W. E. Taylor, kisha yakahaririwa na William Hichens na kuchapishwa mwaka wa 1940. Leo tukikutana na neno lenye utata, twabaki kukisia ni mkono upi uliolileta. Laiti wanakili wa zamani wangalikuwa na kumbukumbu ya namna hii, nusu ya tasnifu zetu zisingalihitajika!

Tungo zetu ni 114, na kuzipanga zote kwa muundo mmoja, kuhesabu mizani na kuunganisha kila utungo na maelezo yake ni kazi ya kuchosha. Ndipo tukaazimia kumwita wakala. Njia imerahisishwa na itifaki iitwayo MCP, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza mnamo Novemba 2024 ili programu za aina hii ziweze kuzungumza na huduma nyingine kwa lugha moja. GitHub nayo imetoa kiunganishi chake. Kilichobaki ni kumpa wakala tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaotumika badala ya neno la siri.

Hapa ndipo niliposita. Tokeni ikitolewa katika akaunti yangu, huduma haina namna ya kunipambanua na wakala. Kila atakachoandika kitasomeka kuwa nimeandika mimi, na lile daftari lililonisisimua litaanza kusema uongo. Kwa hiyo tulimfungulia akaunti yake, jambo ambalo kanuni za huduma hiyo zinaliruhusu, tukaiita Mnakili. Tokeni yake tuliikata kwa kipimo: inafikia ghala moja tu, inaruhusu kusoma na kuandika faili na kuwasilisha mapendekezo ya mabadiliko, haigusi mipangilio ya ghala wala faili zinazoongoza uchapishaji, na baada ya siku 30 inakufa. Tawi kuu tulilifunga, ili pendekezo lisiingie humo kabla mmoja wetu hajalisoma na kulikubali.

Mwenzetu mmoja aliona tunajisumbua. Juma la pili Mnakili aliwasilisha pendekezo lenye maelezo mafupi yaliyonyooka: marekebisho ya tahajia katika tungo 19. Majaribio yote yalikuwa yamefaulu, maana programu yetu huhesabu mizani, na mizani ilitimia. Nilipofungua nikakuta nti imekuwa nchi, mato yamekuwa macho, kuya kumekuwa kuja. Kiamu chote kilikuwa kimesanifishwa kwa adabu kubwa! Mato na macho yana silabi mbili mbili, kwa hiyo hesabu haikulalamika. Lakini mato yaliyokuwa yakikutana na ndoto mwishoni mwa mshororo sasa hayakutani na chochote. Kama mlango ungekuwa wazi, wasomaji wangalikuta Lamu inayosema kama taarifa ya habari. Tulikataa, tukaandika katika faili ya maagizo kwamba lahaja haiguswi. Hata hivyo, maagizo si kufuli, na kwa hiyo bado tunasoma kila mstari.

Kuna hatari nyingine, na hii yahusu usomaji. Mei 2025 watafiti wa Invariant Labs walionyesha jinsi mtu baki anavyoweza kuandika maneno ya hila katika ghala la wazi, wakala akayasoma akidhani ni amri ya bwana wake, kisha akachukua mambo ya ghala la siri la bwana huyo na kuyaanika hadharani. Sisi tumefunzwa tangu mwaka wa kwanza kutenganisha sauti ya mhusika na sauti ya mtunzi. Kwa wakala, maneno yote hufika kwa mlango mmoja: ya mwenye mradi, ya mpita njia, na ya zimwi ndani ya ngano linaloamuru kila kitu kiteketezwe.

Ndiyo sababu kuna kanda ambazo Mnakili hazijui. Bibi mmoja wa Lamu alinikaririria nyimbo za harusi zinazoimbwa na wanawake peke yao, akazitoa kwa kuwa mimi ni mwanamke, na kwa sharti kwamba zisitoke nje ya masomo yangu. Wenzangu walipendekeza tuziweke katika ghala la faragha la huduma ileile. Nilikataa. Git haisahau, faili ikifutwa leo, nakala yake ya jana ingali katika historia, na aliyekwisha kuipakua anayo. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nyimbo hizo zimo katika diski isiyounganishwa na tarakilishi yoyote, ndani ya kasha, pamoja na karatasi ya makubaliano yetu. Jambo hili hupunguza kasi ya tasnifu yangu, kwa sababu kila nikizihitaji lazima nizinakili kwa mkono, na msimamizi wangu amekwisha kuniuliza mara mbili sura ya nne iko wapi.

Kwa upande wa tovuti, tungo 87 zimekwisha kupita mlangoni. Nyingine 21 zinangoja zamu ya kusomwa. Sita zilizosalia zina maneno ambayo hata sisi watatu hatujaafikiana, na hizo tumeziondoa katika orodha ya Mnakili hadi tutakaporejea Lamu mwezi wa nane kuwauliza wenyewe.