Dalali na Mnunuzi

Neno dalali ni ndugu wa neno dalili: yote mawili yametoka katika shina moja la Kiarabu lenye maana ya kuonyesha njia. Kazi ya dalali, basi, ni kuonyesha. Kazi ya kuona ni ya mnunuzi mwenyewe.

Mwalimu mmoja wa Dar es Salaam alijinyima kwa miaka 18 apate kununua nyumba. Dalali aliyempata alikuwa hodari. Alijua nyumba ipi huingiwa na maji wakati wa masika, bomba lipi hukauka kiangazi, na jirani yupi ni mgomvi. Mambo hayo hayaandikwi katika hati yoyote, na kwa hayo alistahili ujira wake.

Lakini ujira wa dalali hupatikana siku nyumba inapouzwa. Haupatikani siku mnunuzi anapotaka kungoja. Kwa hiyo alihimiza: "Mwalimu, toa arubuni leo; jioni anakuja mtu mwingine." Hakuwa mwongo, alikuwa na njaa yake.

Mwalimu alipoinua macho aliona ukuta wa jirani umeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Maneno hayo yako katika kuta nyingi za mji ule, nayo ni kilio cha watu waliowahi kuuziwa makazi yao kwa siri, au wanaohofu kuuziwa. Moyo wake ukasita.

"Mke wa mwenye nyumba ameridhia?" aliuliza.

"Hilo, Mwalimu, ni lao wenyewe."

Halikuwa lao peke yao. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mama yule alipoulizwa alilia. Hakuwa na habari.

Dalali alikosa ujira, mwalimu alikosa nyumba, na mama alibaki na paa lake. Mwalimu alimlipa dalali nauli na jasho la siku zile, wakaachana kwa amani.

Baada ya miezi mitatu dalali alirudi. Kabla ya kusifu vyumba wala kutaja bei alisema: "Mume na mke wameridhia, kesho twende kwa Msajili wa Hati tukafanye upekuzi."

Mnunuzi asiyeuliza humfanya dalali kuwa mpotezaji. Anayeuliza humrudisha katika maana ya jina lake.