Safari ya Australia Kusini: habari niliyomletea Mama



Tangu nirudi, wengi wenu mmenisimamisha njiani na sokoni mkiniuliza: "Mwalimu, kule Australia ni namna gani?" Nimekuwa nikijibu kwa kifupi tu, wala haikuwa majivuno. Kulikuwa na neno moja ambalo lilipaswa kufika kwanza kwa mama yangu. Sasa limefika, na yeye na yaya yangu wamenikubalia kuliandika hapa.

Yaya aliondoka Uvira wakati wa vita. Alivuka ziwa, akakaa miaka katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na kutoka kule akapokelewa Australia pamoja na shemeji na mtoto wao. Tulikuwa hatujaonana miaka 12. Likizo kubwa iliyopita alinilipia tikiti. Siku ya kuagana Mama alinishika mkono, akasema: "Usiniletee zawadi. Uniletee habari ya kweli. Huyu ananitumia picha za bahari tu, na picha haisemi kama mtu amekula."

Basi nilisafiri na kazi hiyo moyoni.

Australia Kusini ni jimbo moja kati ya majimbo ya Australia. Ukubwa wake unakaribia kilometa za mraba 984,000, zaidi ya theluthi moja ya Congo yetu nzima. Lakini watu wake hawafiki milioni mbili, na wengi wao wanakaa katika mji mkuu mmoja, Adelaide. Ukitoka mjini, unaweza kwenda saa nzima bila kuona mtu anayetembea kwa miguu. Mimi niliyezoea barabara ya Uvira, yenye pikipiki, mbuzi na watoto wa shule, nilijiuliza kama watu wamekimbia.

Nilifika mwezi wa saba. Kule ni majira ya baridi, na saa kumi na mbili jioni tayari ni usiku. Yaya alikuja uwanja wa ndege akiendesha gari yeye mwenyewe. Mama, hiyo ilikuwa habari ya kwanza niliyoweka mfukoni.

Kesho yake alinipitisha mbele ya bunge la jimbo. Hapo nilijifunza jambo ambalo chama chetu kinapaswa kulijua. Mwaka 1894 wanawake wa jimbo hili walipata haki ya kupiga kura, na pia ya kugombea kiti bungeni. Lilikuwa kati ya mabunge ya kwanza duniani kuwapa wanawake haki hizo zote mbili. Haikuwa zawadi: walizunguka na karatasi ya maombi wakakusanya sahihi zaidi ya 11,000, wakaziunganisha zikawa ukurasa mmoja mrefu zaidi ya meta 100. Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mwanamke wa kwanza kuingia katika bunge hilo alichaguliwa mwaka 1959. Kutoka kupata haki mpaka kuketi kwenye kiti ni miaka 65. Yaya sasa ni raia, naye anapiga kura. Kule ni lazima, na asiyekwenda anatozwa faini.

Siku ya posho tulikwenda Barossa, mwendo wa saa moja hivi. Ni bonde linalojulikana duniani kwa divai. Nilitegemea kuona majani mabichi na mashada ya zabibu kama kwenye picha za Biblia. Nilikuta mistari mirefu ya visiki vyeusi, vimekauka, vimejikunja kama vidole vya mzee. Nikasema: "Yaya, hili shamba limekufa." Akacheka. "Limelala," akasema. "Wakati huu ndio wanakata matawi ya mwaka jana. Usipokata, mti unatoa majani mengi na zabibu kidogo."

Alinieleza mambo mengi kuhusu miti ile, hata nikashangaa amejuaje. Alisema kuna kidudu kidogo kinachoitwa filoksera, kinakula mizizi ya mizabibu. Katika karne ya 19 kiliharibu sehemu kubwa ya mashamba ya Ufaransa. Australia Kusini hakijaingia, na ndiyo sababu Barossa bado ina mizabibu iliyopandwa mwaka 1843 ambayo inazaa mpaka leo. Kwa hiyo wanachunga sana: mbao mlangoni zinakataza mgeni kuingia shambani na viatu vyake, kwani udongo wa kwenye soli unaweza kubeba ugonjwa.

Jambo lingine lilinigusa. Wengi wa waliofungua bonde lile walikuwa Wajerumani Walutheri waliokimbia nchi yao kwa sababu mfalme wa Prussia aliwaingilia katika namna yao ya kusali. Walianza kufika mwaka 1838, na mwaka 1842 wakajenga kijiji wakakiita Bethany. Walikuwa wakimbizi. Leo makanisa yao ya mawe yamesimama, na watu wanalipa pesa nyingi kuonja divai ya mashamba yao. Nilimwambia yaya: "Kumbe hawa walifika kama wewe." Hakujibu. Aliangalia mikono yake.

Siku ya pili tulishuka baharini, Victor Harbor, pamoja na mtoto wake aliyezaliwa Nyarugusu. Ananiita mama mdogo kwa Kiswahili kizuri, halafu sentensi inayofuata inamponyoka kwenda Kiingereza. Kule kuna kisiwa kidogo cha mawe makubwa, na mpaka leo kigari kinachovutwa na farasi kinapeleka watu juu ya daraja refu. Ghuba yenyewe inaitwa Encounter Bay, maana yake ghuba ya kukutana. Mwezi wa nne mwaka 1802, Mwingereza Matthew Flinders na Mfaransa Nicolas Baudin walikutana hapo, kila mmoja akichora ramani ya pwani kwa ajili ya serikali yake. Kwa walivyojua wao, nchi zao zilikuwa maadui, lakini wao waliongea kwa amani, kila mmoja akaenda njia yake. Ndiyo sababu pwani ile ina majina mengi ya Kifaransa, na mimi niliyasoma kwa sauti nikamsahihisha mtoto matamshi.

Maji yale si kama Tanganyika yetu. Ziwa letu unaona milima ya upande wa pili; pale huoni kitu mpaka mwisho wa macho. Tulibahatika kuona nyangumi. Kwanza mgongo mweusi, halafu mgongo mdogo pembeni yake: mama na mtoto. Wanakuja kutoka kusini kwenye baridi kali, wanazaa na kunyonyesha katika maji yaliyotulia. Zamani watu waliwaua hapo hapo kwa ajili ya mafuta, hata wakakaribia kuwamaliza. Sasa wanalindwa, na wanarudi.

Tulikaa kwenye mchanga tukala mkate na samaki. Hapo yaya akasema: "Zile picha za bahari nilizotuma, zote zilipigwa hapa. Siku moja. Nilikuja na vitenge vinne nikabadilisha ndani ya gari."

Kisha akasema lote. Kazi yake ni ile niliyoiona Barossa. Wanamchukua usiku wa manane kwa gari la wafanyakazi, na kukipambazuka yuko kwenye mstari na makasi, anakata matawi katika baridi. Mwezi wa pili mpaka wa nne anachuma zabibu. Ninyi wengine mnakumbuka kwamba yaya alisoma pedagojia kabla yangu, na mimi nilifuata nyayo zake. Diploma yake kule haikutambuliwa. Mama anaamini binti yake anafanya kazi ofisini, kwa sababu mwaka wa kwanza aliulizwa, akaona haya, akasema "ofisi", na neno likabaki. "Usimwambie," akasema.

Sikumjibu siku ile.

Siku zilizobaki tulikwenda kaskazini, zaidi ya kilometa 400, kuona ile nchi kavu wanayojivunia. Karibu na Melrose tulipita mstari usioonekana ambao kila mkulima anaujua, mstari wa Goyder. George Goyder alikuwa mpima ardhi wa serikali. Mwaka 1865, baada ya ukame mkali, alizunguka juu ya farasi akiangalia majani. Pale vilipoanza vichaka vya kijivu vinavyovumilia jua, alitia alama. Upande wa kusini, limeni. Upande wa kaskazini, mvua haiaminiki. Baadaye ikaja miaka ya mvua nzuri, watu wakamcheka, wakavuka mstari wakapanda ngano. Halafu miaka ya 1880 mvua ikakatika. Tuliona nyumba zao: kuta za mawe bila paa, bomba la moshi limesimama peke yake, kunguru juu yake.

Nilikumbuka mto Mulongwe wetu. Wazee walisema pale ni njia ya maji, tusijenge. Ikapita miaka ya utulivu, tukajenga. Mwezi wa nne mwaka 2020 mto ulirudi kudai njia yake, na ninyi mnajua tulizika nani. Niliwaza: watu wa kule na watu wa huku, ugonjwa wetu ni mmoja. Tukipewa miaka mizuri michache, tunaanza kujidanganya.

Mwisho wa safari ulikuwa Ikara, mahali ambapo Wazungu waliita Wilpena Pound. Ni milima iliyojikunja duara kubwa kama bakuli, jioni inageuka nyekundu kama kaa la moto. Ikara maana yake mahali pa kukutana, katika lugha ya Waadnyamathanha, wenyeji wa nchi ile. Wanawaomba wageni wasipande mpaka ncha ya kilele kirefu, kwa sababu ni mahali patakatifu kwao. Tuliishia chini. Kangaruu walikuwa wakila majani karibu na gari, kama mbuzi wetu.

Usiku ule, kando ya moto, nilimwambia yaya: "Mama hakuniuliza kama una ofisi. Aliuliza kama unakula." Alilia kidogo. Asubuhi akasema: "Mwambie. Lakini mwambie pia kwamba gari ni langu, mtoto anasoma vizuri, na jioni mbili kwa wiki mimi mwenyewe niko darasani, najifunza kazi ya kutunza wazee."

Nilifika Uvira, nikakaa na Mama jikoni akichambua sombe, nikamweleza yote, mpaka vitenge vinne. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: "Hayo makasi, yanamuumiza vidole?" Nikasema ndiyo, wakati wa baridi.

Jioni alimpigia simu. Sikusikia lote, lakini nilisikia Mama akisema: "Mimi nilikata miwa Kiliba nikakulipia minervali. Ulifikiri nitaona haya kwa mtoto anayekata matawi?"

Wamama, wengi wetu tuna watoto ng'ambo. Tukiwapigia simu, tusianze na pesa, wala tusisifu picha peke yake. Tuulize: unaamka saa ngapi, mikono yako ikoje, umekula nini leo? Juma lililopita yaya alituma picha mpya. Amevaa buti za matope na kofia ya sufu, makasi mkononi. Mama ameiweka ukutani, kando ya ile ya siku yake ya diploma.