Kuiga na Kurithi

Zamani nilikuwa miongoni mwa watu wanaoamini kuwa mwigaji hana chake. Kwa hiyo waimbaji wa zama hizi waliofufua muziki wa soul, ule uliovuma Marekani katika miaka ya 1960, niliwahesabu kuwa wavaaji wa nguo za marehemu. Leon Bridges wa Texas, kwa albamu yake ya mwaka 2015, alinikumbusha Sam Cooke aliyefariki mwaka 1964. Nikasema: santuri za asili zipo, kivuli cha nini?

Charles Bradley alinisuta. Mtu huyu alimwona James Brown jukwaani Apollo, New York, mwaka 1962, akiwa bado mtoto. Baadaye kwa miaka mingi alimwiga, sauti na hata nywele. Albamu yake mwenyewe ya kwanza ilitoka mwaka 2011, naye ana umri wa miaka 62. Humo mna wimbo juu ya ndugu yake aliyeuawa. Niliusikia mwaka niliomzika ndugu yangu, nami kaburini sikuwa na neno la kusema. Ukelele ule ulikuwa wa James Brown. Kilio kilikuwa cha Bradley, na siku ile kikawa changu pia.

Bradley alifariki mwaka 2017. Mimi simcheki tena mwigaji. Hata lugha tuliiga kwa mama zetu kabla hatujawa na la kusema. Mtungi hurithiwa, maji kila mtu huteka yake.