Swali Ambalo Halimo

Katika chemsha bongo za hapa chuoni halikosi swali la Mabepari wa Venisi. Nani aliitafsiri tamthilia hiyo ya Shakespeare? Mwalimu Nyerere, 1969. Kengele inagongwa kabla swali halijaisha, pointi mbili, twende mbele: kiungo gani hutengeneza insulini? Kongosho. Mbili tena. Hakuna anayeuliza kwa nini mfanyabiashara mmoja wa kwenye jina la Kiingereza amegeuka kuwa mabepari, tena wengi, miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha. Hilo, jamani, lingetutosha wiki nzima.

Sizichukii chemsha bongo, nazipenda mno. Ila mtindo wa runinga umetukaa kichwani. Who Wants to Be a Millionaire, kipindi kilichoanza Uingereza 1998, kimezoesha dunia kwamba jibu limeshaandikwa kwenye kioo, wewe kazi yako ni kuchagua A, B, C au D. Ukikwama unampigia rafiki. Kwa burudani ni sawa, na pesa zipo. Mimi nasomea ualimu, na wasiwasi wangu uko darasani.

Erasto Mpemba naye siku hizi ni swali la pointi mbili. Lakini mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wake wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyewatembelea kutoka Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kupima. Makala yao ya pamoja ilitoka 1969, mwaka ule ule wa Mabepari, na wanasayansi hadi leo wanabishana. Yaani swali lenyewe lilikuwa halimo kwenye majibu ya mwalimu wake.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mtendeni, Tabora. Jioni watoto hukaa barazani wakacheza "milionea", na zawadi ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Mtangazaji, mpwa wangu wa darasa la saba, akauliza jina la Tabora limetoka wapi. Wazee wetu husimulia kwamba limetoka kwenye hayo hayo matobolwa, waliyolishwa wasafiri wa misafara enzi mji ukiitwa Kazeh. Mdogo wake akajibu vizuri, akapewa kipande, akakigeuzageuza.

"Mbona hiki hakiozi, na kiazi kinaoza?"

"Hilo halimo," akasema mtangazaji. "Swali linalofuata."

Nikasimamisha mchezo. Asubuhi tulichemsha kiazi, vipande vingine tukavianika juani, vingine tukavifunika kwenye bakuli. Siku chache baadaye bakuli lilikuwa limeota ukungu na harufu we acha tu, vya juani vimekauka vinalia kama kokoto. Nikawaeleza kwamba ukungu na bakteria haviwezi kukua bila maji, na jua limeyachukua. Nikadhani tumemaliza. Yule mdogo akauliza kwa nini basi tuchemshe kwanza, maana michembe huanikwa mibichi na haiozi vilevile. Hapo ikabidi tumfuate bibi jikoni. Na bibi naye akasema tuanike vyote viwili, tusubiri kifuku, tuone kipi kitaliwa na wadudu kwanza.

Hivi karibuni naenda mazoezi ya kufundisha. Kwenye andalio la somo nimetenga dakika 5 za mwisho, nikaandika: maswali ambayo hayamo. Msimamizi wangu amezungushia duara kwa kalamu nyekundu na kuuliza pembeni yatasahihishwaje.