Mali Kauli ya Bomeni

Siku za soko Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, ni Jumatano na Jumamosi. Miaka ya 1990, binti mmoja wa Bomeni, mjini humo, aliamshwa siku hizo kabla jogoo hajawika, amsaidie mama yake kuhesabu mikungu ya ndizi inayosubiri lori la Mombasa. Mama huyo hakusomea kilimo. Aliyemfunza ni mteja wake, mama wa Himo, ng'ambo ya mpaka, aliyemletea maharage kwa mali kauli: chukua leo, utalipa ukishauza.

Deni ndilo lililomfanya mteja aseme anachokijua, maana mdeni akiharibikiwa shambani, mdai naye hapati chake. Msimu mmoja migomba ya kisukari ilianza kunyauka, majani yakawa manjano na kuning'inia. Mama wa Himo alikuja mwenyewe. Akapasua shina kwa panga, akamwita binti aone mistari ya kahawia iliyopanda ndani.

“Ugonjwa huu unakaa udongoni, mwanangu. Hapa usichukue chipukizi tena.”

Safari iliyofuata alileta machipukizi ya aina nyingine kikapuni, yamemenywa mizizi na kuchovywa maji moto ili kuua fukusi. Migomba ile ilishika. Majirani walipouliza siri, waliambiwa ni bahati tu.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2008. Polepole malipo yakawa ya papo hapo, deni likapungua, na ziara nazo zikapungua. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta–Holili kilizinduliwa rasmi. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000, aliweza kupata cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha. Kikapu cha machipukizi, kwa upande wake, kinadaiwa kibali na cheti cha afya ya mimea. Wengi sokoni hawakuyajua hayo, wakaendelea kupita njia za panya na kupoteza mali.

Kisha ikaja korona. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, ikaruhusu magari ya mizigo tu. Binti yule, sasa mama wa watoto na katibu wa chama cha akina mama, aligundua kwamba yeye ana namba ya mtu wa Himo na mwenzake ana ya dalali wa Holili, lakini hakuna aliyewahi kumpa mwingine. Waliziweka namba zote pamoja, wakachanga nauli ya lori moja, maharage yakafika.

Tangu hapo kikao cha chama kimebadilika. Zamani walikuja, wakatoa mchango, aliyefikiwa na zamu akapokea, wakatawanyika. Siku hizi kila mmoja kwanza anasema alichosikia kwa mteja wake: bei ya gunia Himo, karatasi inayoulizwa mpakani, ugonjwa ulioonekana shambani. Habari za haraka hurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Za kudumu huandikwa kwenye kitabu.

Ukurasa wa kwanza, kwa mkono wa katibu, unaeleza jinsi ya kupasua shina na kutafuta mistari ya kahawia. Mwanachama mpya husomewa ukurasa huo kabla ya kutoa mchango wake wa kwanza.