Nyumba ya Paka Wanne na Mgonjwa Mmoja

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Maana yake inajulikana: usisimame kando ya kitanda ukamuuliza mtu asiye na nguvu kama angependa kula. Koroga, mpelekee, mnyweshe. Kwa binadamu naikubali methali hii mpaka leo. Kwa paka haifui dafu. Paka huulizwa. Unamwekea supu ya kichwa cha samaki kwenye kisahani, anainusa, anageuza shingo. Unaipasha moto kidogo ili harufu ipande, unabadilisha kisahani, anakutazama kama mtu aliyeletewa deni lisilo lake. Mara ya tatu unampaka tone moja puani, anajiramba, na hapo ndipo anakumbuka kwamba ana njaa.

Lakini habari ya chakula ni ndogo. Nilichojifunza mwaka huu ni kwamba kwenye nyumba yenye paka wengi, mgonjwa si wa kuulizwa peke yake. Kuna swali jingine, na hilo wanaulizwa wenzake: mtampokea akirudi?

Nyumbani kwetu Magomeni tuko binadamu wanne na paka wanne. Mama, kaka, wifi na mimi. Bi Mkubwa, Chausiku, Mchuzi na Kidagaa. Bi Mkubwa ni kikongwe, haongei na mtu kabla ya saa nne asubuhi. Kidagaa ni wa juzi tu, aliokotwa sokoni chini ya meza ya muuza dagaa. Katikati wapo Chausiku na Mchuzi, dada na kaka wa tumbo moja, mmoja mweusi tii, mwingine wa rangi ya mchuzi uliokolea manjano. Miaka sita wamelala pamoja juu ya kabati la vyombo, kichwa cha huyu mgongoni kwa yule, hujui mkia upi ni wa nani.

Aliyeugua ni Mchuzi. Aliingia kwenye beseni la mchanga, akachuchumaa, akatoka. Akarudi, akachuchumaa tena. Mara nne, mara tano, huku analia kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mama alisema amefunga choo, apewe mafuta. Wengi wangesema hivyo hivyo, kwa sababu mkao ni uleule. Lakini mchanga ulikuwa mkavu, na nilipompapasa chini ya tumbo palikuwa na kitu kigumu cha mviringo, kama chungwa dogo. Kilikuwa kibofu.

Paka dume ana njia nyembamba sana ya mkojo. Ute na chembechembe kama mchanga vinaweza kuiziba, au njia yenyewe ikajibana. Ikiziba kabisa, uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa unabaki mwilini, potasiamu inapanda kwenye damu, moyo unayumba. Bila msaada paka anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Wewe unayefuga dume, hili lishike: paka anayejikamua bila kutoa kitu si wa kungojea kesho.

Jirani mmoja, kwa wema kabisa, alileta nusu kidonge cha parasetamoli cha kumtuliza maumivu. Nilimshukuru nikakiweka mbali. Dawa hiyo tunayomeza sisi kichwa kikiuma ni sumu kwa paka; mwili wake hauna uwezo wa kuivunja kama wetu, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Basi nikamtia Mchuzi kwenye tenga, nikafunga kwa kanga, nikaita bajaji. Kabla sijatoka Mama aliuliza itagharimu kiasi gani. Nikamtajia nilichoambiwa kwa simu. Akakaa kimya, halafu akasema, "Hiyo ni hela ya mchele wa mwezi mzima, mwanangu. Kwa paka?" Hakusema kwa ukali. Mama amelea watoto watatu kwa kuuza vitumbua, hesabu ya mchele anaijua kuliko mimi. Sikuwa na jibu. Nilipanda bajaji nikaenda.

Madaktari wa mifugo wa mitaa yetu kazi yao kubwa ni kuku, mbuzi na ng'ombe. Kwenye foleni mbele yangu alikuwepo kijana mwenye kuku wawili kwenye boksi, akatazama tenga langu akacheka, kisha akasikia ule mlio akanipisha. Daktari alimlaza Mchuzi kwa dawa ya usingizi, akampitisha mrija mwembamba, mkojo ukatoka wenye damu damu. Akamtundikia dripu. Siku tatu alilala pale.

Siku ya kumchukua, daktari alinipa maelekezo. Anywe maji mengi kuliko zamani. Chakula kiwe na mchuzi mchuzi, kisiwe na chumvi wala kitunguu, maana kitunguu nacho ni sumu kwao. Na nimwangalie kwa wiki kadhaa, kwa sababu njia iliyoziba mara moja huweza kuziba tena. Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna paka wengine. Nikamwambia watatu. Akanyanyua macho.

"Dada, hapo uwe makini," alisema. "Ugonjwa huu unapenda paka mwenye wasiwasi. Akirudi akakuta vita, mtarudi wote hapa."

Nikadhani anazungumzia Kidagaa, ambaye hugombana hata na kivuli chake. Jioni ile niliweka tenga sebuleni. Wa kwanza kuja alikuwa Chausiku. Alikuja mbio, mkia juu, akafika hatua moja, akanusa. Manyoya yakamsimama mwili mzima. Akamfokea "hssss" kama nyoka, akampiga kofi la uso kupitia matundu ya tenga. Yule aliyelala mgongoni kwake miaka sita. Mchuzi hakujitetea. Alijikunja pembeni akatazama chini.

Nilitafuta kujua kwa nini, na sababu yenyewe ni nyepesi kuielewa ila ngumu kuizoea. Paka hamtambui mwenzake kwa sura kama sisi. Anamtambua kwa harufu. Paka wanaoishi pamoja hujisugua mashavu na ubavu, huyu kwa yule, na wote kwa miguu ya viti na ya watu, mpaka nyumba nzima inakuwa na harufu moja. Hiyo ndiyo kitambulisho chao. Mchuzi alikuwa ametoka siku tatu kwenye spiriti, dawa ya kusafishia sakafu, mbwa na kuku wa watu. Alirudi na sura yake mwenyewe na harufu ya mgeni. Kwa Chausiku, kuna kitu kilichovaa ngozi ya kaka yake.

Tena, paka hana asili ya kuishi kundini. Babu yake, paka-pori wa Afrika, ambaye bado yupo kwenye nyika zetu, anawinda na kuishi peke yake. Paka wa nyumbani amejifunza kukaa na wenzake, lakini akishagombana hana njia nyingi za kusema yaishe. Mbwa hugombana wakasuluhishana. Paka wakigombana huweza kukaa na kinyongo wiki nyingi, na huku mgonjwa wangu akiba yake ya utulivu ilikuwa ndiyo dawa yake.

Nikamhamishia chumbani kwangu, nikafunga mlango. Kulikuwa na sababu nyingine ya kumtenga, nayo ni ya aibu kuisimulia ila ndiyo kazi yenyewe: kwenye nyumba ya paka wengi, mkojo hauna jina. Ukikuta mchanga umelowa asubuhi, utajuaje ni wa nani? Wanne wanatumia mabeseni yaleyale. Paka mmoja anaweza kuziba siku nzima na mchanga ukakuonyesha kila kitu kiko shwari. Chumbani, kila tone lilikuwa la Mchuzi. Niliamka saa nane usiku, saa kumi na moja alfajiri, na tochi ya simu, natazama beseni kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka.

Siku ya pili Mama aliingia chumbani bila kubisha, ameshika doti ya kanga, zile za zamani zilizolainika kwa kufuliwa. Maandishi yake yalikuwa yamefifia lakini yanasomeka: *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Sikumwomba. Alikuwa amenisikia nikimweleza wifi habari za harufu. Akaichana katikati pale pale, kipande kimoja akamtandikia Mchuzi, kingine akaenda kukitandika juu ya kabati la vyombo. Kila jioni tukawa tunabadilishana: cha Mchuzi kinakwenda kwa wenzake, cha wenzake kinakuja kwake. Siku ya kwanza Chausiku alikikwepa kile kitambaa akalala sakafuni. Ya tatu alikinusa muda mrefu. Ya tano nilimkuta amekikalia, si kwa upendo, amekikalia tu kama mtu anayekaa kwenye kiti cha ofisi.

Jioni moja, tukiwa tumekaa mlangoni kwa chumba tukimsubiri Mchuzi amalize supu, Mama alisema jambo. Mwaka juzi alivunjika nyonga akalazwa wiki tano. Aliporudi tulimwandalia kila kitu: kitanda kimeshushwa, gongo, mtu wa kumwogesha. Nakumbuka nyumba ilivyojaa wageni. "Nilirudi," alisema, "nikaenda jikoni. Mwiko hauko pale. Sukari imehamishwa. Wifi yako anapika, anapika vizuri, simlaumu. Nikauliza nisaidie nini, mkaniambia Mama pumzika. Kila mtu anasema Mama pumzika." Akamtazama paka. "Huyu angalau wamemwambia usoni."

Hakungoja niseme kitu. Alichukua kisahani akaenda kukiosha mwenyewe, taratibu, kwa gongo lake.

Nimelifikiria sana neno lile. Tunajua kuuguza. Tunajua kupeleka uji hospitali, kulala chini kwenye mkeka wodini, kuchangishana. Hatuna jina la ile kazi ya baadaye, ya kumrudisha mtu mahali pake wakati maisha yameshajipanga bila yeye. Mwili umepona, lakini kiti kimekaliwa. Paka hana adabu ya kuficha hilo, ndiyo maana kwake linaonekana.

Wapenzi wa vitabu mtakuwa mnamkumbuka Doris Lessing, aliyekulia shambani Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, na kupata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2007. Kitabu chake *Particularly Cats* cha mwaka 1967 kina paka wawili wasioitwa kwa majina, paka wa kijivu na paka mweusi, wapinzani ndani ya nyumba moja. Mweusi aliugua nusura afe, na Lessing akamuuguza kwa mikono yake. Nilikisoma zamani kama kitabu cha mtu anayependa paka. Nilipokirudia mwezi ule, nilichokiona ni kwamba hawapambi. Hawageuzi kuwa malaika kwa sababu mmoja wao alikaribia kufa. Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimeanza kumchukia Chausiku kidogo, na kitabu kile kilinikumbusha kwamba yeye naye alikuwa na hofu.

Tulianza kulishia mlangoni. Mchuzi ndani, Chausiku nje, mlango umefungwa, visahani umbali wa hatua mbili kutoka mlangoni, kisha moja, kisha karibu kabisa, kila mmoja anamnusa mwenzake kupitia uwazi wa chini huku akitafuna kitu kitamu. Halafu mlango ukafunguliwa upana wa vidole vitatu. Halafu nusu saa ya kuonana, mimi katikati. Bi Mkubwa alikuwa wa kwanza kumpita Mchuzi kana kwamba hajawahi kuondoka. Kidagaa alitaka kucheza. Chausiku alichukua majuma matatu. Hakukuwa na siku ya kukumbatiana. Alipunguza kufoka tu, kidogo kidogo, kama mvua inavyoacha bila mtu kuona tone la mwisho.

Hawajarudi kulala kichwa kwa mgongo. Juu ya kabati wanalala sasa na nafasi ya kiganja katikati yao. Pengine nafasi hiyo itabaki. Tumeongeza beseni la tano la mchanga, maana inashauriwa yawe moja zaidi ya idadi ya paka, na bakuli za maji ziko kila pembe ya nyumba hadi kaka analalamika kwamba atavunjika mguu.

Jikoni nako kuna mabadiliko. Wifi amerudisha mwiko kwenye msumari wake wa zamani karibu na dirisha, bila kuitisha kikao. Jumamosi ni zamu ya Mama, vitumbua, na hakuna anayemwambia apumzike.

Bado namwangalia Mchuzi, kwa kuwa daktari alisema hatari haiishi mara moja. Lakini sasa sina zamu ya alfajiri. Mama huamka kabla ya adhana, hupita uani na gongo lake akikagua mabeseni, na amejua kuutambua mkao wa kila mmoja. Juzi aliita kwa sauti ya kuamsha mtaa, nikakurupuka kitandani nikijua kuna msiba. "Kakojoa!" alikuwa anasema. "Mchuzi kakojoa! Mwingi!"